Kabati la Visukuku

Katika miji ya kale ya pwani yetu, kama Lamu, Mombasa na Unguja, nyumba nyingi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa karibu na bahari. Ukisimama mbele ya ukuta uliobanduka chokaa, ukalitazama jiwe kwa makini, mara nyingi utaona ndani yake kombe, au kipande cha tumbawe chenye vijitundu kama sega la nyuki. Viumbe hivyo viliishi baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Kisha maji ya bahari yakashuka, mwamba ukabaki nchi kavu, nao watu wakaja wakaukata kuwa mawe ya kujengea. Basi kombe kama lile, au mfupa, au jani, au alama ya unyayo, iliyohifadhiwa katika mwamba tangu zamani mno, ndiyo iitwayo kisukuku. Mwenye nyumba ile hulala na kuamka katikati ya visukuku, wala pengine hana habari.

Lakini wako watu wavitafutao visukuku kwa bidii na kuviweka nyumbani mwao. Desturi hiyo ilianza zamani katika nchi za Ulaya, na mpaka leo wako wengi waifuatao. Katika somo hili tutaingia katika nyumba chache za namna hiyo, tuone wenyewe walivyopanga vitu vyao, nani alipanga vema, na nani alikosea.

Kusini mwa Uingereza uko mji mdogo wa pwani uitwao Lyme Regis. Kando yake yako magenge marefu ya udongo mweusi na mawe ya kijivu, yaliyofanyika chini ya bahari yapata miaka milioni 195 iliyopita. Kila wakati wa baridi mvua na mawimbi huyaporomosha magenge hayo, na visukuku huanguka ufuoni. Watu wanaruhusiwa kuokota vilivyolala huru katika changarawe. Kuchimba genge lenyewe bila ruhusa hawaruhusiwi. Kinachopatikana zaidi ni amonaiti, gamba lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume, la mnyama wa jamaa ya pweza na ngisi. Amonaiti wote walikufa, hakuna hata mmoja aliye hai leo.

Mtu akirudi nyumbani na mfuko wake umejaa mawe hayo, hapo ndipo tabu inapoanza. Atayaweka wapi? Wengi huyapanga juu ya dirisha, au huyatia katika bakuli la kioo pamoja na maua makavu, kisha husahau yalikotoka. Baada ya miaka miwili ni mawe tu. Kisukuku peke yake ni bubu. Kitu ukiwekacho kando yake ndicho kitakachokipa kinywa au kitakachokiziba.

Waliolijua jambo hili mapema ni mabibi watatu wa ukoo wa Philpot, Mary, Margaret na Elizabeth, waliohamia Lyme Regis mwaka wa 1805. Walikuwa ndugu, na nyumba yao ilikuwa katika njia iitwayo Silver Street. Waliokota visukuku vingi, vingine wakavinunua kwa waokotaji wa pale. Katika nyumba yao yalisimama makabati yenye vifuniko vya kioo na droo za kina kifupi, na kila kisukuku kilikuwa na kikaratasi chake kidogo chenye maandishi. Wataalamu wakubwa walisafiri kutoka mbali kwenda kutazama. Mabibi hao wakafa, lakini makabati hayakutawanyika: mwaka wa 1880 yalitolewa kwa jumba la makumbusho la Oxford, na mpaka leo wataalamu huyatumia. Vikaratasi vile ndivyo vilivyoyaokoa, maana makumbusho haina haja na jiwe lisilo na habari.

Sasa tuliangalie kabati lenyewe. Neno la kwanza ni uchache. Mwenye visukuku mia asiweke mia mbele ya wageni. Achague saba au kumi vilivyo vizuri, vingine avitie katika droo kwa utaratibu. Jicho la mwanadamu huchoka upesi. Kila kimoja kilalie kitambaa cha rangi moja iliyotulia: jiwe jeusi juu ya kitambaa cheupeupe, jiwe jeupe juu ya kitambaa cha kahawia. Kitambaa cha maua mengi hakifai, kwa kuwa mgeni atatazama maua. Taa nayo isiwekwe juu moja kwa moja. Iwekwe ubavuni, mwanga uje mshazari, ndipo mistari na mapingili ya amonaiti yatakapotupa vivuli vyake na kuonekana. Jaribu neno hili usiku kwa kibatari na kombe lo lote la pwani, utaona tofauti mara moja.

Unyevu ni adui mkubwa. Visukuku vingi vya Lyme Regis vina madini ya rangi ya dhahabu yaitwayo pairaiti. Yakipatwa na hewa yenye maji maji, huanza kuoza, ukaona unga mweupe au wa manjano juu ya jiwe, na kisukuku hupasuka vipande vipande. Tena hutoka asidi kali, ikaila hata karatasi iliyo chini yake. Kwa sababu hiyo kisukuku cha pairaiti hakiwekwi chumba cha kuogea, hata kikipendeza vipi hapo, wala hakiegemezwi ukuta wenye ukungu. Na kila kitu kilichookotwa baharini huoshwa kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, kikakaushwa vizuri, kabla hakijaingia kabatini.

Baada ya haya huja wenzi wa kisukuku, yaani vitu vya kuweka kando yake. Hapa ndipo penye raha yote ya kazi hii.

Mwenzi bora ni jamaa yake aliye hai. Mpaka leo baharini yuko mnyama aitwaye nautilo, naye ana gamba lililoviringika, limegawanyika ndani vyumba vyumba. Ukilikata gamba lake katikati na kuliweka karibu na amonaiti iliyokatwa vivyo hivyo, hata mtoto mdogo atafahamu bila kuambiwa kwamba wale wa kale nao walikuwa na vyumba, wakaongeza chumba kipya kila walipokua. Kadhalika kando ya kisukuku kiitwacho belemnaiti, ambacho ni kama risasi ndefu ya jiwe, huwekwa ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, ambao mawimbi huuleta pwani zetu pia. Vyote viwili ni vya ndani ya mwili wa mnyama mwenye minyiri. Mwenzi wa pili ni kipande cha mwamba kile kile alimotoka kisukuku, nacho si cha kudharauliwa, maana huonyesha alikuwa amelalia nini. Wa tatu ni picha iliyochorwa kwa mkono.

Kuhusu picha, Elizabeth Philpot alifanya jambo la ajabu. Katika visukuku fulani vya jamaa ya ngisi huonekana kifuko cha wino kilichokauka. Bibi huyo aliusaga wino ule, akauchanganya na maji, akautumia kuchorea. Mwaka wa 1833, katika barua yake kwa mke wa Bwana William Buckland, mtaalamu wa mawe wa Oxford, alitia picha ya fuvu la ikthiosauri, mnyama mkubwa wa bahari ya kale, iliyochorwa kwa wino wa bahari ile ile. Sidhani kama mtu aweza kumpatia kisukuku mwenzi mzuri kuliko huyo.

Tena mwenzi aliyechaguliwa vema aweza kufumbua fumbo lililowashinda wenye elimu. Katika mji wa Lewes, Uingereza, alikuwapo daktari jina lake Gideon Mantell. Yapata mwaka wa 1822 alikuwa na meno makubwa ya jiwe asiyoyafahamu. Yalikuwa yamesagika juu, kama ya mnyama alaye majani, lakini yalitoka katika mwamba wa kale sana kuliko wanyama wakubwa walao majani waliojulikana siku zile. Rafiki yake alimpelekea Georges Cuvier, mtaalamu mkuu wa Ufaransa, jino moja alitazame. Naye akasema ni la kifaru. Mantell hakuridhika. Alikwenda London, katika makumbusho ya chuo cha madaktari wa upasuaji, akatafuta jino la kulinganisha katika droo baada ya droo, asipate. Ndipo mtumishi wa makumbusho, Samuel Stutchbury, akamwonyesha mifupa ya iguana, mjusi mkubwa wa Marekani, aliyokuwa ameitengeneza. Jino la mjusi na jino la jiwe lilikuwa umbo moja. La jiwe tu ndilo kubwa mno. Mwaka wa 1825 Mantell alitangaza mnyama wake mpya, akamwita Iguanodoni, yaani mwenye meno kama ya iguana. Cuvier mwenyewe alikiri kuwa alikosea. Jino lile lilikuwa bubu mpaka lilipowekwa kando ya mwenziwe.

Sasa tugeuke tuone waliokosea. Kaskazini mwa Uingereza uko mji wa Whitby, nao pia una amonaiti tele. Wenyeji wa zamani walisimulia kwamba Hilda, mtawa mkuu aliyeishi pale katika karne ya saba, aliwageuza nyoka wote wa mahali pale kuwa mawe. Lakini nyoka wa mawe hawakuwa na vichwa, na wanunuzi waliuliza sababu. Basi mafundi wakachukua patasi, wakachonga kichwa cha nyoka mwishoni mwa amonaiti, macho na kinywa, wakaziuza kwa bei nzuri. Wanunuzi walifurahi. Wataalamu wa baadaye walitabasamu, wakaiita aina moja ya amonaiti za huko Hildoserasi kwa ajili ya hadithi hiyo. Hata hivyo mahali palipochongwa kichwa hapatakuwa tena kama palivyokuwa. Kupamba si kukata, wala si kupaka rangi na mafuta ya kung'arisha juu ya kitu kisichorudishika.

Bwana Buckland tuliyemtaja alikuwa mtu wa vichekesho, akafanya pambo la namna nyingine. Mary Anning, binti maskini wa seremala wa Lyme Regis, alikuwa ameona kwamba ndani ya tumbo la ikthiosauri hupatikana vidonge vya jiwe vyenye mifupa na magamba ya samaki. Buckland alichunguza, na mwaka wa 1829 akaeleza kwamba ni kinyesi cha wanyama wale kilichogeuka jiwe, akakiita koprolaiti. Kisha akafanyiziwa meza ambayo uso wake umepambwa kwa koprolaiti zilizokatwa na kung'arishwa. Mwanawe Frank aliandika baadaye kwamba watu wengi waliisifu meza hiyo bila kujua hata kidogo walichokuwa wakikitazama. Meza iko hata leo katika makumbusho ya Lyme Regis, yenye kikaratasi cha maelezo, na wageni wakisoma hucheka na kuinama kuitazama upya. Meza ni ile ile. Tofauti ni kikaratasi.

Daktari Mantell naye, aliyefaulu sana katika kulinganisha, alishindwa katika kupanga. Mwaka wa 1833 alihamia mji wa Brighton, akaijaza nyumba yake visukuku. Wageni walikuja wengi kutazama, wagonjwa wa kulipa wakawa wachache. Mwishowe nyumba ikawa makumbusho kabisa, mkewe na watoto ikawabidi kwenda kukaa kwingine. Mwaka wa 1838 alilazimika kuuza kila kitu kwa Makumbusho ya Uingereza kwa pauni 4,000, na mwaka uliofuata mkewe akamwacha. Kabati lina mlango ili lifungwe. Nyumba ni ya watu kwanza.

Nimerudia kutaja kikaratasi, na sasa nieleze kisa chake, maana si jambo dogo. Mary Anning alizaliwa mwaka wa 1799. Baba yake alikuwa akiweka visukuku mezani mbele ya duka lake ili wageni wanunue. Alikufa mwaka wa 1810 akaacha deni, na watoto wakaendelea na biashara ile ili wapate chakula. Mwaka wa 1811 Joseph, kaka yake, aliona fuvu kubwa katika genge. Mwaka uliofuata Mary, mwenye umri wa miaka 12 au 13, akapata mifupa iliyobaki. Ndiye ikthiosauri wa kwanza kuvuta macho ya wataalamu wa London. Bwana mmoja mwenye ardhi aliinunua kwa pauni 23, akaiuza, ikaonyeshwa London kwa watu wengi. Mwaka wa 1814 daktari mmoja maarufu aliandika habari zake kirefu, asilitaje jina la Mary hata mara moja. Mwaka wa 1819 ilipouzwa mnadani iliandikwa kuwa ni mamba aliyegeuka jiwe. Basi jina la mnyama halikuwa sahihi, na jina la aliyempata halikuwapo. Kwa miaka mingi vitu alivyochimba Mary vilisimama katika makumbusho vikiwa na majina ya matajiri walionunua na kuvitoa. Alikufa mwaka wa 1847. Leo fuvu lile liko London, na jina lake linasomwa na wote.

Wala jambo hilo halikutokea Uingereza tu. Mahali paitwapo Tendaguru, katika nchi ya Lindi, Wadachi walichimba mifupa ya dinosauri tangu mwaka wa 1909 hata 1913. Mamia ya watu wetu walichimba, wakafunga mizigo, wakaichukua vichwani mwendo wa siku nyingi mpaka bandarini. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Ujerumani. Mifupa ya mmoja wa wanyama hao ilisimamishwa Berlin mwaka wa 1937, na urefu wake kwenda juu wapita mita 13. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, fundi aliyejua kutambua mfupa na kuutoa ardhini bila kuuvunja, aliitwa Boheti bin Amrani. Ilipofika mwaka wa 2007 mtaalamu mmoja alimtambua mnyama mpya katika mifupa ile ya Tendaguru, akampa jina Australodocus bohetii. Jina la Boheti likaingia katika kikaratasi baada ya miaka karibu mia.

Kwa hiyo kikaratasi kizuri huandikwa siku ile ile, kwa wino usiofutika, na kwa maneno machache. Kwa mfano: "Amonaiti. Ufuo wa Charmouth, Dorset, Uingereza. Iliokotwa katika changarawe chini ya genge, asubuhi baada ya dhoruba." Kisha tarehe, na jina la aliyeokota, hata akiwa ni mtoto au kibarua. Namba ndogo huandikwa juu ya jiwe lenyewe mahali pasipoonekana sana, na namba hiyo hiyo katika daftari, ili panya akila kikaratasi habari isipotee.

Wewe mwanafunzi wa huku usidhani kwamba waweza kuchimba mifupa ya kale na kuipeleka nyumbani. Katika Tanzania sheria ya mwaka wa 1964, na katika Kenya sheria ya mwaka wa 2006, huvilinda visukuku. Ukiona mfupa wa jiwe umejitokeza korongoni baada ya mvua, usiuguse. Weka alama, kumbuka mahali, mwambie mwalimu wako, naye atawaarifu watu wa makumbusho. Mfupa ulioondolewa mahali pake bila kuandikwa umepoteza nusu ya habari zake, na nusu hiyo hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Lakini kazi ya kabati mwaweza kuianza shuleni kwa vitu vya kawaida. Tafuteni taya la mbuzi aliyechinjwa na taya la mbwa aliyekufa zamani, myachemshe, myasafishe, myakaushe juani. Yawekeni juu ya ubao uliofunikwa kitambaa kimoja. Tazameni magego ya mbuzi yalivyosagika juu kwa kutafuna majani, na ya mbwa yalivyochongoka kama shoka kwa kukata nyama. Karibu na mataya hayo wekeni tonge la majani makavu na kipande cha ngozi, kisha andikeni vikaratasi viwili. Halafu mwiteni mtu ambaye hajasoma somo hili, mmpe taya la tatu lisilo na kikaratasi, la punda au la paka, mmwache alitie upande anaoona ni wake.

Maswali.

Kwa nini kisukuku chenye pairaiti hakiwekwi mahali penye unyevu? Mantell alijuaje kwamba jino lake si la kifaru? Mafundi wa Whitby waliharibu nini? Andika kikaratasi cha kitu kimoja kilichomo nyumbani kwenu ambacho ni cha zamani kuliko babu yako, na uulize kwanza ni nani aliyekileta.